Kwenda Kishapu Kutafuta Sura ya Ng'ombe

Niliondoka Geita kwa sababu ya kuchekwa. Nilikuwa nimechora kuzaliwa kwa Yesu kwa ajili ya kanisa letu, na ng'ombe wa horini niliwaiga kutoka kalenda ya Ulaya. Wachimbaji wa Kisukuma walipoiona picha wakashika mbavu kwa kicheko. "Fundi, hawa mbona hawana nundu? Ni punda wenye pembe?" Mimi nimezaliwa Tabora mjini; ng'ombe nilimjua kwa nyama yake tu. Rafiki yangu mmoja wa mgodini akanishauri niende kwa kaka yake, Masanja, huko Kishapu, nikawatazame ng'ombe mpaka nishibe.

Asubuhi nikapanda lori la magunia. Tulipita Bugarama tukila vumbi, tukalala Kahama, kesho yake tukaingia Shinyanga. Mvua zilikuwa zimechelewa, na kadiri tulivyokwenda mashariki nchi ilizidi kuwa nyeupe.

Kishapu, Masanja na mkewe, Mama Kabula, walinipokea bila kuuliza nitakaa hadi lini.

"Umefuata ng'ombe?" Masanja aliuliza. "Umechelewa, mgeni. Wamebaki mifupa."

Nilimpa pole, lakini moyoni nilifurahi. Mifupa huchoreka vizuri.

Mchana wa siku iliyofuata tulikuwa tunarudi kutoka kisimani. Ng'ombe mmoja mwenye mimba, sikio lake limechanika, akapiga magoti, akalala. Aliyekonda vile hainuki peke yake. Masanja akashika mkia, Mama Kabula akashika pembe. Shingo ikanyooka, nundu ikalegea upande, jicho likatazama juu. Nikatoa karatasi.

"Mgeni, shika hapa ubavuni!"

"Naja, Baba Kabula."

Nilisema naja huku penseli inakwenda. Akaita tena, nikajibu vilevile. Walimwinua hadi nusu, miguu ya nyuma ikatetemeka, kisha nguvu zikawaishia. Akaanguka kwa uzito wake wote. Nilipofika pale na mikono mitupu, hakukuwa na cha kushika. Alikufa na ndama tumboni.

Jioni, nyama ilipoiva, nilitengewa ini, kwa kuwa mimi ni mgeni. Nikaliweka chini.

"Baba Kabula," nikaanza, "pale uliponiita..."

"Kula," alisema.

Mama Kabula akaomba kuiona karatasi. Akaisogeza karibu na moto, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ni yeye," alisema. "Hata sikio. Kumbe ulikuwa unamwona vizuri."

Akanirudishia kwa mikono miwili. Heri angenitukana.

Nilikaa kwao mpaka mvua ikanyesha. Kila siku nilikwenda kisimani, na aliyelala tulimwinua pamoja, mimi ubavuni. Hawakunisifu, wala hawakunikumbusha. Siku ya kuondoka Masanja alinisindikiza mpaka barabarani akinieleza habari za mashamba, kama mtu anayemuaga ndugu, nami sikuweza kumtazama usoni.

Niliporudi Geita nikaichora picha upya. Siku ya Krismasi wale wale walionicheka walisimama mbele yake, mmoja akasema, "Huyu sasa ni ng'ombe wa nyumbani." Nilipokea mikono yao nikitazama sakafu.

Bado ninasafiri kutafuta vya kuchora. Lakini mtu akisema "shika hapa," naweka penseli chini kwanza. Picha nyingi nzuri zimenipita hivyo. Zipite tu.