Vifungo vya Fundi

Kwa miaka mingi fundi cherehani wa mlango wa pili alichomeka pini zake kifuani, upande wa kushoto, pale alipokatwa ziwa kwa saratani. Hapasikii kitu, alisema, Mungu amempa mto wa pini bure. Akicheka, pini zote zilicheza naye, na alichomoa moja bila kuangalia huku akikuuliza mtoto analalaje.

Leo jirani yake amefika na mwanawe mgongoni kuchukua gauni, na fundi amemvuta nyuma ya pazia, akafungua blauzi. Juu ya kovu vimetapakaa vipele vigumu, vyekundu, kama punje za mtama chini ya ngozi. "Ni pini, mwanangu. Zimenichoma mno." "Si ulizihamishia kwenye mkono wa blauzi, mama?" "Mwezi wa pili sasa." "Na vipele?" "Vinazidi." Fundi akakunja uso. "Sasa nani anavichoma? Miaka kumi na miwili daktari ameniambia nimepona. Ugonjwa wa ziwa, na ziwa walilichukua. Urudi ukae wapi?" "Sijui, mama. Twende hospitali wakaangalie leo leo." Fundi akaanza kufunga vifungo, akavipishanisha, akarudia, akavipishanisha tena, akabaki anavitazama kana kwamba vimeshonwa na mtu mwingine. Jirani akasogea, akavifungua vyote, akaanza upya kutoka juu, taratibu, na fundi akainua kidevu kama mtoto anayevalishwa.