Maji ya Kulowesha Vumbi

Mwanamke wa maabara ya zahanati yetu, hapa Ekalakala, haanzi kwa kukuuliza umekohoa siku ngapi. Huangalia kucha zako, kisha huuliza ulichimba wapi. Kila Jumamosi, kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kazi za shamba, kikichimba matuta, yeye huja na mtungi wa lita ishirini mgongoni, akalowesha udongo kabla jembe halijaugusa.

"Daktari, si hayo ni maji ya kunywa!" alifoka juzi Mama Mwanzia, aliyekohoa mwaka mzima.

Mwanamke wa maabara hakuacha kumwaga. "Mimi ndiye nilisema una TB, mama. Ukameza dawa miezi sita, kumbe ni kuvu ya vumbi hili, iliyokuingia mapafuni." Akainamisha mtungi mpaka tone la mwisho. "Sasa chimba."