Tarumbeta ya Mama

Mama alisema akimenya ndizi, bila hata kuniangalia: "Siku yangu ikifika, usinizike na kinanda cha umeme. Umeme ukikatika nitashushwa kimyakimya kama gunia. Baba yako alipuliziwa tarumbeta. Na mimi nipuliziwe."

Mpulizaji ni mimi. Kundi letu la matarumbeta pale usharikani Machame limebaki mtu mmoja. Wengine tumewazika, wengine walikimbilia Dar es Salaam, na siku hizi hata Krismasi hawapandi kurudi mlimani. Tarumbeta yenyewe ilikuwa ya zamani za wamisionari, fundi wa rejeta mjini kaichomea mpaka kachoka. Mwaka huu kitufe cha kati kikazama, hakikurudi tena.

Nikashuka Moshi, kwenye duka la vyombo vya muziki. Mwenye duka akanitajia bei. Nikakaa juu ya spika yake bila kukaribishwa.

"Mangi, hii ni tarumbeta au ng'ombe wa maziwa?"

"Ng'ombe nafuu, mzee. Ng'ombe hapandi meli."

"Mdogo wangu yuko Dar, anasema kule ni karibu nusu."

"Kule wauzaji wako mtaa mzima, wanagombania mteja. Hapa unaniona mimi tu. Halafu vinanda naagiza vingi, vinagawana nauli. Tarumbeta naleta moja, inajilipia safari yote peke yake, ikifika inakaa kwenye kioo inakungoja wewe. Hela yangu imelala humo."

Mimi ni wa darasa la saba, lakini hasira haitaki cheti. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawahukumu. Mwagizaji wa Dar, anayejaza kontena kwa kinachouzika haraka, sisi wa mlimani tungoje makombo. Ushuru wa bandarini, usiojua tofauti ya chombo cha kanisa na cha disko. Mwenye lori naye. Na huyu mangi, aliyeniangalia viatu akajua sina pa kwenda. Nilipofika kwenye geti la kanisa ndipo nikamkumbuka mwingine, nikatamani nisingemkumbuka: sisi wenyewe. Tulipoona vijana wanataka vinanda tukawaachia, hatukumfundisha hata mmoja kupuliza. Mpulizaji mmoja ni soko gani? Nani atamletea bidhaa kwa bei ya watu wengi?

Jumapili mama akanibebesha mkungu wa ndizi mshare, mkubwa kuliko yote kihambani, shambani kwetu. Baada ya ibada ukapigwa mnada uwanjani pamoja na mayai na maziwa, kama tunavyouza sadaka za mazao siku zote. Mwinjilisti akatangaza: huu ni wa tarumbeta. Jirani yetu, mama ambaye hakuwa na salamu na mama yangu tangu wagombane juu ya zamu ya maji ya mfereji, akanyoosha mkono wa kwanza. Akalipa. Kisha akapaza sauti:

"Narudisha! Uuzwe tena!"

Akanunua mwingine, naye akarudisha. Mkungu umelala palepale kwenye nyasi, bei inapanda tu. Mzee mmoja nyuma yangu, niliyemsimulia maneno ya mangi, akasema, "Jamani, leo ndizi nazo zimepanda meli."

Nilicheka. Ile tarumbeta kila aliyeishika njiani alijikatia chake. Mkungu huu kila aliyeushika aliongeza, akaondoka mikono mitupu.

Tarumbeta tukainunua. Mangi sijamsamehe, ingawa alinipa kitambaa cha kuifutia bure.

Yule jirani ndiye aliyeununua mkungu mara ya mwisho. Aliubeba mwenyewe hadi kwetu, akauweka jikoni, na nikamsikia mama akisema, "Kaa basi, unasimama kama mgeni." Wakapika mtori wa ndizi zilezile.

Jioni mama akaniita uani. "Puliza sasa. Siku ile nitakuwa sisikii."

Nikapuliza wimbo ule wa maziko ya baba. Akasikiliza mpaka mwisho, bakuli mkononi.

"Pale juu umekosea," akasema. "Jifunze vizuri. Mimi bado nipo nipo."

Na kweli yupo. Kila jioni ananikosoa.