Anamshikia kamba aliyempeleka gerezani

Saa moja asubuhi, mchimba visima ambaye mtaa mzima humwita Mita anateremsha mshumaa ndani ya shimo lenye kina cha mita kumi na sita. Mwali unasimama wima. Hewa ni nzuri. Anakaza mkanda kiunoni mwa mwenzake, anauvuta mara mbili kuuhakikisha, kisha anazungusha gogo lililoviringishiwa kamba, polepole, mpaka kichwa kinamezwa na giza.

"Upo?" anaita baada ya muda.

"Nipo. Usisinzie huko juu."

"Nitasinziaje na uzito wako wote uko mikononi mwangu?"

"Uzito gani?" inauliza sauti kutoka chini. Mwenye sauti ni mwembamba kama ufito, ndiyo maana wanamwita Sindano.

Mpita njia angedhani ni marafiki wa toka nitoke. Wapi. Miaka saba iliyopita, Sindano alisimama mahakamani akaapa kwamba Mita ndiye aliyeiba pampu ya tajiri wao. Mita alifungwa miaka mitatu. Mama yake alifariki yeye akiwa ndani; hakumtupia hata konzi ya udongo. Alipotoka ndipo ikajulikana kuwa pampu iliuzwa na Sindano mwenyewe.

"Nililinoa panga," anasema Mita, mwenye umri wa miaka 51. "Mke wangu akalichukua, akaenda kukatia kuni."

Kanisani alisimama mbele ya waumini akatangaza kwamba kisasi amemwachia Mungu. Wakaitikia amina. Lakini moyoni aliapa kutomsemesha Sindano mpaka kaburini.

"Mke wangu akaniambia, 'Baba, hujamwachia Mungu. Umempa kibarua, sasa unamsimamia kama nyapara.'" Anacheka. "Kweli tupu. Nikisikia Sindano anaumwa, siku hiyo nilikuwa nalala vizuri."

Mwaka jana msaidizi wake alihama, kisima kikiwa nusu. Mwingine aliyeijua kazi alikuwa mmoja tu: Sindano, ambaye hakuna aliyetaka kumwajiri. Malipo ya mita moja hutosha mfuko mmoja wa saruji, na wawili wanagawana. Mita alimchukua kwa sharti: wa kushuka ni Sindano, siku zote.

"Nishuke mimi, kamba aishike yeye? Nilikuwa bado naipenda roho yangu."

Kazi hii ina sheria. Wa juu huita, wa chini hujibu. Mshumaa unaweza kuwaka asubuhi, hewa ikaharibika mchana, na sauti ndiyo husema kwamba pumzi inaisha. Ila Mita alikuwa ameapa. Kwa siku tatu akawa anagonga ndoo kwa jiwe, na Sindano anajibu kwa kugonga sururu kwenye mwamba.

Siku ya nne aligonga. Kimya. Akagonga tena.

"Nikasimama tu," anasema, akiangalia viganja vyake. "Nikajiambia, Mungu ameamua, mkono wangu haumo. Ni hewa mbaya, nani ataniuliza? Halafu nikaiona kamba. Iko mkononi mwangu. Mungu akitaka kulipa, hahitaji mimi nijifanye kiziwi."

Akainama mdomoni mwa shimo. "Sindano, upo?"

Jibu lilikuja likijiburuza kama la mlevi. Mita akazungusha gogo mpaka ngozi ya viganja ikachubuka.

Sindano alilazwa kwenye udongo, akatapika. Alipopata pumzi alisema, "Nilijua hutaita."

"Hata mimi sikujua kama ningeita," Mita akamjibu.

Mita hajaombwa msamaha mpaka leo. Ukimuuliza Sindano habari za ile pampu, anatazama viatu vyake. "Neno lile ni zito kuliko ndoo ya mawe," anasema. "Nalipandisha."

Saa sita mke wa Mita analeta chai. Kisima kimetoa maji, na Jumatatu wanaanza kingine.

"Jumatatu nashuka mimi," Mita anasema huku akikunja kamba. "Yeye atakaa juu."

Mkewe anashusha birika. "Baba, una hakika?"

"Sina."

Sindano ameacha kunywa. Kikombe kimeganda njiani, hakijafika mdomoni.

"Ila wewe," Mita anamwambia, akimrushia kamba, "usinigongee ndoo. Uniite."