Benchi la Nyuma la Dolina

Dolina MacIver alianza kwenda kanisani kabla hajajua kutembea, na sasa magoti yalikuwa yakimlalamikia kila ngazi. Yeye ndiye aliyewasha jiko, akafuta madirisha chumvi ya bahari, akapika viazi na nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa chumvi kwa wageni wa juma la Meza ya Bwana. Ila mezani penyewe hakuwahi kukaa. Hakuwa mshirika.

Hapo kijijini hilo halikuwa jambo la ajabu. Kuwa mshirika ni kusimama mbele ya wazee wa kanisa na kusema Bwana amekutendea nini, na nani ana uso wa kusema hivyo mbele ya watu waliomwona akipiga kinanda cha akodiani harusini? Basi watu walikaa mabenchi ya nyuma na makoti yao meusi, wakingoja kustahili, mpaka wakabebwa kwenda makaburini wangali wanangoja.

Kanisa lilikuwa la mababu. Walilihama kanisa la mwenye ardhi kwa sababu alitaka kuwachagulia mchungaji. Akawanyima kiwanja. Wakaabudu mchangani maji yakipwa, maana bahari haikuwa yake, na mahubiri yakirefuka viatu vililowa. Mwenye ardhi alipolegea, babu mzaa babu wa Dolina alibeba mawe mgongoni. Baadaye wajukuu wakakosana wao kwa wao. Nusu wakavuka barabara wakajenga lao, dirisha kwa dirisha, ili kila upande usikie wenzao wanavyokosea zaburi.

Sasa kamati ilikuwa inakuja kutoka mjini. Hoja yake: paa linavuja, washirika wachache; lifungwe, waliobaki wavuke barabara. Jumatatu baada ya Meza ya Bwana, washirika wangepiga kura. Washirika walikuwa wanne tu. Wawili walitaka lifungwe, wawili libaki. Kura zikilingana, mwenyekiti wa kamati angeamua, na kila mtu alijua ataamua nini.

"Kanisa limejaa watu na hakuna wa kunyosha mkono," alisema Norman, kaka yake Dolina, akipaka siagi mkate. "Mmekuwa wanyenyekevu mpaka mnauza nyumba. Nenda kwa wazee Jumamosi, dada. Kura moja tu!"

"Nenda wewe."

"Mimi? Nikiingia chumbani kwa wazee paa halitangoja kamati."

Jumamosi Dolina alikwenda. Ndani ya chumba cha wazee alimkuta Torcuil peke yake, mzee wa kanisa na mwanzisha zaburi, mmoja wa wale wawili waliotaka libaki. Mezani mbele yake vilikuwapo vipande vidogo vya chuma, vile apewavyo anayeruhusiwa kwenye Meza ya Bwana.

Torcuil alipomwona, uso ulimng'aa kama mtoto aliyeona keki. Kisha akakumbuka kazi yake.

"Dada Dolina. Umekuja kwa nini?"

Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno mazuri. Yote yakamkimbia.

"Kwa ajili ya kura, Torcuil."

Torcuil akafumba macho. "Usingeweza kusema kingine chochote?"

"Ungeniamini?"

"Ningekuamini haraka mno. Hilo ndilo baya." Akaweka kiganja juu ya vile vipande, polepole, kama anayezuia visiruke. "Siwezi kukupa, dada. Si kwa hilo."

"Najua. Ungenipa ningekudharau."

Walikuwa wawili wanaotaka kitu kimoja, na kitu chenyewe kikiwakatalia. Mwishowe Dolina akasema jiko linataka kuchochewa, akaondoka.

Jumatatu kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Mwenyekiti, kijana mpole mwenye mafua, akaomba washirika wanaotaka libaki wanyoshe mikono. Miwili. Nyuma yao umati mzima, mikono mapajani.

"Nyosha," Norman alimnong'oneza. "Hawatakukataa."

Mkono wa Dolina ulinyanyuka kidogo pajani. Akaushika kwa ule mwingine, akaubana, mpaka mwenyekiti akauliza wanaotaka lifungwe. Miwili. Mwenyekiti akapenga kamasi, akasema anasikitika, na akaamua.

Hakuna aliyepinga. Hapo hawajawahi kupiga kelele kanisani, hata mwaka ule dari lilipomwangukia mchungaji. Torcuil akasimama, akatoa mstari wa zaburi, sauti ikamvunjikia katikati. Wale wa nyuma wakaudaka wakaumaliza, kwa nguvu hata vioo vikalia.

Nje upepo ulikuwa mkali. Peigi wa kanisa la pili alikuwa amevuka barabara, jambo ambalo mama yake asingelifanya hata nyumba ikiungua. Alishika sahani ya mikate, hajui amkabidhi nani.

"Pole, Dolina. Tumewapangia nafasi. Mbele kuna mabenchi mazuri, karibu na hita."

"Ahsante, Peigi."

"Wewe nikuwekee lipi?"

Dolina akapokea sahani, akaifunika kwa leso upepo usiipulize.

"La nyuma," alisema.