Nilihubiri upendo huku nimeziba malka

Wakuu, salamu kutoka Kulesa, huku karibu na Garsen. Ninayoandika ni ya kweli na yananiaibisha, kwa hivyo nichekeni polepole.

Mimi ni mkulima, Mpokomo, na ni mzee wa kanisa. Shamba langu limepakana na malka, ile njia inayoachwa katikati ya mashamba ili mifugo ishuke mtoni kunywa.

Kiangazi kilichopita tamaa iliniingia. Nikapanda mistari minne ya mahindi ndani ya malka, nikaziba kwa miiba. Nilijiambia wafugaji wameshahama.

Jumapili ikawa zamu yangu kuhubiri. Nikachagua amri ya kupenda jirani. Wakuu, siku hiyo nilihubiri! Hadi akina mama wakalia.

Jumatatu asubuhi akatokea Barisa, mfugaji wa Kiorma, na ng'ombe kama ishirini, mbavu nje. Tunajuana tangu utotoni ila hatujawahi kupatana. Kuna mwaka ng'ombe wake walinimalizia ndizi zote.

Angeweza kuikata ile miiba. Hakuikata, alisimama tu.

"Mimi hapana kuja gombana," akasema. "Hii ng'ombe siku tatu hapana kunywa. Fungua."

Nikamwambia azunguke hadi malka ya chini. Ni mwendo wa saa mbili, na sote tulijua kuna ng'ombe ambao hawangefika.

Mke wangu alikuwa anapalilia hapo hapo. Hakupaza sauti. "Baba watoto, huyo jirani uliyemhubiri jana ni nani, kama si huyu?"

Nilikasirika, niseme ukweli. Nikaitoa miiba kwa hasira, mikono ikachanika, na moyoni sikuwa na upendo hata chembe. Ng'ombe wakapita juu ya mahindi yaliyokuwa yameanza kutoa mbelewele. Iliniuma sana.

Ndama mmoja akaanguka kabla ya kufika majini. Barisa hakuweza kumwinua peke yake. Akashika mbele, nami nikashika nyuma, tukamsukuma hadi mtoni. Ndama alipoanza kunywa, Barisa alicheka kwa sauti, na mimi nikajikuta nacheka naye.

Miaka yote nilikuwa nangoja nimpende kwanza, ndipo nimtendee wema. Kumbe ningengoja hadi kaburini.

Malka iko wazi mpaka leo. Barisa bado ananiudhi, na nikikaa wiki bila kumwona naulizia.

Wewe una mtu uliyeamriwa kumpenda na moyo umekataa kabisa? Ulianzia wapi? Tuambie hapa, hata kama bado hujaanza.