Kioo Chekundu cha Mjomba Okoth

Siku Mama alipompa mke wa kaka yangu jembe lake, naikumbuka hadi leo, mwanangu. Hakulia. Alisema tu, "Lichukue. Mimi macho yameniishia." Kisha akarudi kuketi ndani.

Tulikuwa kijijini Petta, upande wa Tororo, zama za Waingereza, nami nilikuwa msichana aliyekaribia kuolewa. Macho ya Mama yalikuwa yanafifia polepole. Mchana aliona kwa ukungu, akipalilia ameinama sana, lakini alipalilia. Lililomvunja moyo lilitokea jioni ya kuamkia siku hiyo.

Tangu nikiwa mdogo, kila kiangazi, tukishakula, yeye nami tulipanda jiwe kubwa la nyuma ya nyumba, lile la kuanikia nafaka ya wimbi, tukatazama Kilimia, zile nyota ndogo zilizosongamana kama vifaranga. Baba alikuwa amekufa, na ni pale juu Mama aliponisimulia habari zake. Kwa nini alipachagua pale, sikuwahi kumuuliza. Ukiwa kijana huulizi.

Sasa, mwaka ule kaka yangu Opio aliuza pamba akanunua karabai. Nikaona nimpandishe Mama jiweni kwa taa hiyo, asije akajikwaa. Tulipofika juu nikaiweka karibu naye, ikivuma na kung'aa kwa mwanga mweupe. Mama akainua uso, akatazama sana.

"Athieno, nyota zimetoka?"

Mimi mwenyewe niliona chache tu, lakini nikamjibu zimetoka, kwa kuwa nilijua zipo. Akaamini kwamba amekuwa kipofu. Kulipokucha ndipo akalitoa jembe.

Mjomba Okoth, mdogo wake Mama, alikuwa mtu wa taa katika stesheni ya reli Tororo. Kazi yake ilikuwa kuzisafisha, kuzitia mafuta na kuziwasha zile za ishara. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akamkuta dada yake hataki hata kula. Nikamweleza yote. Aliuliza jambo moja tu: "Mlipanda na taa gani?"

Jumapili iliyofuata alirudi na kipande cha kioo chekundu cha taa iliyovunjika, ambacho alikuwa amemwomba mkubwa wake wa stesheni. Alikifunga kwenye mdomo wa kopo, ndani akaweka kibatari. Giza lilipoingia akamwita Mama.

"Okoth, usinichezee," Mama alimjibu. "Niache nizoee."

"Dada, utazoea kesho," alisema, kwa kile Kiswahili cha stesheni alichopenda kukichanganya hata nyumbani. "Leo wewe nakwenda na mimi."

Tulipanda polepole. Ule mwanga mwekundu ulitosha kuona pa kukanyaga, basi. Juu tukaketi, Mjomba akatuambia tungoje. Akaeleza kwamba kazini, akitoka kwenye chumba chenye taa nyeupe, reli yote humpotea gizani kwa muda mrefu. Lakini akiwa ametumia nyekundu, anatoka na macho yake tayari.

"Jicho ikizoea giza naona mengi," alisema. "Nyeupe narudisha yeye nyuma, inaanza upya. Nyekundu hapana sumbua."

Tukangoja. Mkono wa Mama ulikuwa baridi ndani ya wangu. Nikaona nyota zikizidi na kuzidi, hata ambazo sikuwahi kuzijua. Niliogopa kumuuliza. Ghafla akanibana vidole.

"Pale," akasema. "Sizioni moja moja. Ni kama unga uliomwagika. Athieno, ni Kilimia?"

Kilikuwa Kilimia. Mama akacheka huku machozi yanamtoka, akamtaja baba yangu kwa jina lake. Mjomba akatazama kando.

Asubuhi Mama alikwenda mwenyewe kudai jembe lake. Alilima misimu mingine mingi. Macho yalikuja kuisha kweli, sitakudanganya, lakini yaliisha kwa wakati wake, siyo kabla. Nilipoolewa upande wa Busia nilikuwa namwombea Mjomba kila jioni, na mpaka sasa nikimkumbuka nashukuru. Angeweza kumpa dada yake pole, akala, akaondoka zake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitoka nje kutazama nyota, funika tochi yako kwa kitambaa chekundu, ukae gizani utulie. Anga itakuja kwako. Na mtu wako akikuambia haoni tena, kwamba mambo yake yamekwisha, usikimbilie kumwashia taa kubwa kama nilivyofanya, wala usimkubalie haraka. Muulize kwanza yalimpataje. Mpe mwanga wa kumtosha miguu, umshike mkono, ukae naye bila haraka.

Mungu akutunze, akupe maisha marefu, na uzee wako uwe na mtu wa kuketi kando yako.